Barua kwa mwanangu anayekaimu

Mwanangu,

Salamu kutoka Ng'ambo, Tabora. Miembe imezaa mpaka matawi yanainama, mama yako hajambo isipokuwa lile goti. Habari kwamba unakaimu ukuu wa shule huko Kasulu ilinifurahisha mchana, usiku ikanikosesha usingizi.

Unasema wenzako wananong'ona eti umepata kwa kujuana. Usiwajibu. Nami nisijifanye mtakatifu: nilipopewa umakamu wa mkuu wa shule tulikuwa wanne, na mmoja alinipita mbali darasani. Nikachukuliwa mimi kwa kuwa ndiye niliyejua kuendesha pikipiki ya shule! Yule mwenzangu nilimwomba awe mtaaluma, yaani msimamizi wa masomo, na chochote kizuri mlichosikia kuhusu shule ile kilitoka kichwani mwake. Hapo kwako pia yupo aliye hodari kuliko wewe. Mtafute mapema, umpe kazi ya kweli.

Kinachonitisha mimi ni hilo neno kaimu. Katika miaka yangu sita ya umakamu tulibadilishiwa wakuu watano. Matokeo yakishuka, mkuu anaondolewa. Anayekuja anakuta kidato cha nne ambacho hajawahi kukiongoza, kikifeli anabeba lawama yeye. Mtoto tunampa miaka minne, mkuu wake hata miwili hapewi.

Watu huona soda za kuaga na kukaribisha. Benki hawaioni. Tangu Januari 2016, ada ilipofutwa, ruzuku ya serikali huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na mkuu ni mmoja wa watia saini. Akihamishwa, saini ibadilishwe: barua, muhtasari wa kikao, picha, kisha urudi tena kwa sababu muhuri haukusomeka. Safari moja tulikaa wiki saba. Hela ipo, chaki tunakopa dukani kwa Mha mmoja mwenye subira, na mlinzi ananitazama kana kwamba mshahara wake nimeula mimi. Mkuu mpya alipoanza kutia saini, hazikupita siku nyingi akapata barua ya uhamisho. Nilicheka, mwanangu, nikakaribia kulia.

Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009 zinataka ukaimu usizidi miezi sita. Tarehe ya barua yako ya kukaimu iandike mahali unapoiona kila siku. Mwezi wa tano ukiingia, andika kupitia afisa elimu, kwa adabu, uulize: nathibitishwa au nakabidhi? Usione haya. Kaimu aliyesahaulika hata mwalimu mtoro humwambia, "Tutaongea akija mwenyewe." Na nafasi ya mafunzo ya uongozi ADEM, chuo cha viongozi wa elimu kule Bagamoyo, ikitokea, jaza fomu. Nauli tutaitafuta, hata kwa kuuza debe la karanga.

Vipindi vyako vya hisabati usivigawe vyote. Bakiza kidato cha kwanza, wale wa mwaka huu, uwajue kwa majina.

Nimemkabidhi kondakta wa basi la Jumamosi dumu la asali, lita tano, lipokee mwenyewe. Halafu kuna jambo hukunigusia kwenye simu: aliyekutangulia alikuonyesha leja ya stoo? Mlihesabu vitabu mbele ya shahidi, au mlipeana mikono tu? Na funguo anazo nani?

Baba yako