Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: pimeni kiyeyusho kabla ya kujenga mnara

Mheshimiwa Waziri,

Tunaandika kama wahandisi kemia kuhusu maombi ya fedha za mitambo ya kunasa hewa ukaa kwa viyeyusho nafuu visivyo na sumu, yaani vimiminika vinavyofyonza gesi hiyo kutoka kwenye moshi na kuiachia vikipashwa joto. Nia tunaiunga mkono. Ombi letu ni moja: asipewe mtu fedha za kujenga mnara wa kufyonzea kabla hajaonyesha kiyeyusho chake hubeba gramu ngapi za hewa ukaa kwa kilo, kuanzia kinapofyonza hadi kinapoachia, tena kwa moshi halisi wa kiwandani.

Kipimo cha kulinganishia kipo tangu zamani: kiyeyusho cha monoethanolamini ya asilimia 30 katika maji. Hufyonza kwenye nyuzi 40 hadi 60 na kuachia karibu nyuzi 120. Kila kilo hubeba gramu 50 hivi kwa mzunguko, na kila tani ya hewa ukaa hula joto la gigajuli 3.5 hadi 4. Ubaya wake unajulikana: hula chuma, huharibiwa na oksijeni, na ikikutana na oksidi za nitrojeni inaweza kuzaa nitrosamini, ambazo baadhi husababisha saratani.

Mbadala unaovuma ni mchanganyiko wa kolini kloraidi na urea. Gramu 140 za kwanza, 120 za pili, pasha hadi nyuzi 80 huku ukikoroga, na unga wote unageuka kimiminika kiangavu kisichoganda mpaka karibu nyuzi 12. Malighafi ni rahisi: moja huwekwa kwenye chakula cha kuku, nyingine ni mbolea. Lakini mtego uko kwenye takwimu za ufyonzaji. Zile kubwa zinazonukuliwa hupimwa kwa kanieneo ya makumi ya angahewa, ilhali moshi wa makaa ya mawe una hewa ukaa asilimia 12 hadi 15, yaani sehemu yake ya kanieneo ni angahewa 0.12 au zaidi kidogo tu. Mchanganyiko huu hauishiki gesi kwa mmenyuko wa nguvu, kwa hiyo kanieneo ikishuka, mzigo nao hushuka. Isitoshe, ukiwa mkavu una mnato mara mia kadhaa ya ule wa maji. Pampu inahangaika na gesi haipenyi. Ukiupunguza makali kwa maji, nafasi ya gesi inapungua. Ukiupasha kupita kiasi ili uachie gesi, urea inaanza kuvunjika na kutoa amonia. Tena urea hutengenezwa kwa amonia, na amonia nyingi hutokana na gesi asilia, kwa hiyo hesabu ya uchafuzi ianzie huko.

Kwa maoni yetu, fedha za kwanza ziende kwenye potasiamu kaboneti iliyochanganywa na glaisini, ambayo ni asidi amino. Kaboneti, ikiwa chumvi, haivukizi na haichomwi na oksijeni. Joto lake la mmenyuko ni kama theluthi moja ya lile la monoethanolamini, ingawa asikudanganye mtu kwamba mvuke wa kupashia nao utapungua kwa kiwango hicho: kwa kuwa joto hilo ni dogo, kupasha hakuisukumi gesi kwa nguvu, na maji mengi zaidi huchemka bure kwa kila gramu inayotoka. Kasoro nyingine ni uvivu wa kufyonza, ambao glaisini imewekwa kuupunguza, na kuganda. Kaboneti ikishageuka baikaboneti kwa asilimia 60, kisha ikapoa hadi joto la kawaida, fuwele huziba kibadilisha joto. Mabomba yafungwe vizuia joto na yasafishwe kwa maji moto kila mtambo unapozimwa.

Jaribio la kuchuja waombaji linafanyika katika maabara yoyote ya kemia. Yeyusha gramu 300 za potasiamu kaboneti na 50 za glaisini katika gramu 650 za maji. Pitisha nitrojeni yenye hewa ukaa asilimia 15 kwenye nyuzi 60, hadi gesi inayotoka ilingane na inayoingia. Chota mililita 10, zitie asidi ya kuzidi ndani ya chupa iliyofungwa, upime ujazo wa gesi. Chemsha myeyusho kwa saa moja huku ukirudisha maji yanayovukiza, kisha pima tena. Tofauti ndiyo uwezo wa kweli. Maji yasiporudishwa, sampuli ya pili huwa nzito na tofauti hupungua kwa uongo. Wala msikubali matokeo ya kutitisha, yaani kudondoshea asidi hadi kiashiria kibadilike rangi, maana glaisini nayo hunywa asidi.

Mzunguko huo urudiwe mara 30, halafu saa 1,000 kwa moshi halisi uliochujwa vumbi. Hapo ndipo sulfa dayoksaidi, gesi ya salfa iliyomo kwenye moshi, hujitokeza: kila kilo yake huua kilo 2.2 za potasiamu kaboneti, isiyorudi tena kwa kupasha. Mkataba useme nani atanunua ya kujazia, na salfeti inayobaki, ambayo ni mbolea ikiwa safi, itapelekwa wapi.