Barua kwa mwanangu: ardhi hizi ziliitwaje kabla ya Tanganyika

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi huku Tabora tu wazima, na mama yako anakusalimu sana.

Swali lako nimelisoma mara kadhaa, nikaona halitoshi kujibiwa kwa ujumbe wa simu. Unasema mwenzako hapo chuoni amesisitiza kwamba kabla ya Mjerumani nchi hii haikuwa na jina, kwa hiyo haikuwa ya mtu, nawe ukakosa la kumjibu. Kauli hiyo imeniuma. Ni kweli kwamba halikuwepo jina moja lililofunika ardhi yote toka Tanga hadi Kigoma. Lakini majina yalikuwepo tele, na kila jina lilikuwa na wenyewe.

Fuata msafara wa pembe za ndovu uone. Unaondoka Bagamoyo, pwani ya Mrima. Unakatiza Uzaramo na Ukami, unapanda milima ya Usagara, unashuka Ugogo penye shida ya maji. Kisha Mgunda Mkali, lile pori la Ukimbu lililowatisha wapagazi kwa kiu na njaa, na ukilimaliza salama ndipo unaingia Unyamwezi. Mipaka hiyo hakuichora mtu kwenye karatasi, ila msafiri aliijua vizuri, maana Ugogo kila mtemi, yaani chifu, alidai hongo yake kabla hujagusa kisima. (Hongo ya siku hizo ilikuwa ushuru halali, wala haikutolewa kwa kificho.) Nani hulipa ushuru kupita katika nchi isiyo na mwenyewe?

Na Unyamwezi yenyewe haikuwa dola moja. Palikuwa na Unyanyembe, ambamo Tabora imo, palikuwa na Ulyankulu, Ugunda, Ugalla na nyingine nyingi, kila moja na mtemi wake. Babu wa babu yako ukimuuliza kwao wapi, angekutajia himaya ya mtemi wake kwanza. Hayo majina makubwa yalitegemea aliyekuwa anaongea amesimama wapi: sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, basi waliokaa kaskazini yetu wakawa Wasukuma hadi leo. Majina yalibadilika pia. Mirambo alirithi Uyowa, himaya ndogo tu, akaipanua kwa vita na biashara mpaka nchi ikaitwa kwa jina lake, Urambo.

Mirambo alifariki Desemba 1884. Miezi hiyohiyo Mjerumani Karl Peters alikuwa bara, nyuma ya pwani, akikusanya misalaba ya machifu, badala ya sahihi, kwenye karatasi zilizoandikwa lugha wasiyoisoma. Hapa nataka utulie, mwanangu. Karatasi zile zilitaja nchi nne: Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Februari 27, 1885 serikali ya Kaizari ikazipa ulinzi wake kwa hati rasmi. Yaani hata yule aliyekuja kunyang'anya alilazimika kuandika jina la anachokichukua, na jina aliloandika ni lile alilolikuta. Jibu la mwenzako limo ndani ya hati za Wajerumani wenyewe.

Huku kwetu hawakupewa kirahisi. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipigana nao, na boma lake lilipovamiwa mwaka 1893 akawasha baruti, akafia humo kuliko kukamatwa. Ardhi yote waliyoitawala Wajerumani waliiita Afrika Mashariki ya Kijerumani, Rwanda na Burundi zikiwemo. Jina hilo halikutaja mto, mlima wala watu wa hapa.

Baada ya Vita ya Kwanza Waingereza wakakabidhiwa sehemu kubwa, nao wakatafuta jina. Yalipendekezwa mengi, mojawapo Smutsland, kumtukuza jenerali Smuts aliyeongoza majeshi yao huku mwaka 1916. Namshukuru Mungu halikupita. Mwaka 1920 wakachukua jina la ziwa la magharibi, Tanganyika. Kwa hiyo jina ambalo wengi hudhani ni la kale lilikuwa na miaka 41 tu tulipopata uhuru Desemba 9, 1961. Sisemi hivyo kulishusha. TANU ililibeba toka 1954, watu wakalipenda, likawa letu. Zanzibar ilikuwa na jina lake karne nyingi kabla, na tulipoungana Aprili 26, 1964 majina yote mawili yaliandikwa pamoja, hadi Oktoba ya mwaka ule tulipoanza kuitwa Tanzania.

Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini tazama ramani ya mkoa wetu: Urambo ni wilaya, Uyui ni wilaya. Ukisafiri kuja likizo, soma vibao vya barabarani toka Morogoro na kuendelea, uhesabu ni vingapi utavitambua.

Upande wa mama yako sijaugusa, na si haki niuseme mimi. Usambara ilikuwa na ufalme hasa, makao yake Vuga, mtawala wake akiitwa Simba Mwene, toka Mbegha hadi Kimweri na waliomfuata. Mjomba wako wa Lushoto anaijua habari hiyo kwa mpangilio. Mpigie Jumapili jioni akiwa ametulia, msalimie vizuri, umwombe akusimulie toka kwa Mbegha, na uwe na kalamu mkononi.

Akupendaye,
Baba yako