Risala ya Familia Wenyeji wa Walimu wa Kujitolea, Wete, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa Masheha,
Walimu wakuu, wazazi wenzetu na wageni wetu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, nawe tunakushukuru kwa kuitika wito wetu. Sisi ndio familia zinazowapa makazi vijana kutoka Marekani wakati wa mafunzo yao, kabla ya kupelekwa skuli kusomesha hisabati, sayansi na Kiingereza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukaaji wa mgeni ukiharibika, huharibika wiki ya mwanzo, na mara nyingi sababu ni kitu ambacho familia haikuambiwa mapema. Chumba hakitushindi: kitanda, chandarua kisichotoboka kinachochomekwa chini ya godoro, komeo la ndani, ufunguo abaki nao mwenyewe. Sheha hupewa taarifa siku ile ile mgeni anapofika.

Kazi iko jikoni. Maji ya kunywa yatokote kwa nguvu dakika moja nzima, yapoe humo humo yakiwa yamefunikwa, kisha yatiwe kwenye ndoo yenye kifuniko na koki. Ukichota kwa kikombe, mkono unaingia na maji yanachafuka upya. Juisi ya ukwaju nayo itengenezwe kwa maji hayo hayo. Wengi huchemsha ya kunywa wakasahau ya juisi.

Chakula kiwekwe katikati, mgeni apakue mwenyewe. Tukimpakulia sisi tunajaza sahani kwa mapenzi, naye anaona aibu kubakisha, usiku tumbo linamsumbua. Wali wa mchana usikae chini ya kawa mpaka usiku, kwani sumu ya vijidudu vinavyoota ndani yake haiondoki hata ukiupasha moto. Asiyekula nyama wala samaki, mbaazi za nazi, kunde na mchicha vinamtosha, ila asitiliwe mchuzi wa samaki "kidogo tu". Na anayedhurika na karanga, akivimba midomo na kubanwa na pumzi, ni kukimbizwa hospitali hapo hapo, hakuna kungojea dawa ya nyumbani.

Wengine humeza doksisaiklini kila siku kujikinga na malaria. Dawa hiyo inataka chakula na glasi nzima ya maji, na mtu asilale papo hapo, la sivyo inamchoma koo na kifua. Pia huifanya ngozi iungue upesi kwa jua, kwa hiyo tusishangae akiomba kofia kwenda sokoni saa sita za mchana.

Umeme wetu ni volti 230, wa kwao ni 120. Chaja iliyoandikwa 100–240 haina tabu. Mashine ya kukaushia nywele iliyoandikwa 120 peke yake itaungua mara tu ikichomekwa.

Kuhusu lugha, tunazungumza nao polepole kwa sentensi fupi, lakini Kiswahili kamili, tusikivunje kwa kudhani tunawasaidia. Watoto ndio wasomeshaji wazuri kupita sote, hawachoki kurudia neno. Ila wapige hodi na wangojee kuitikiwa. Mgeni anayejifungia chumbani kwa muda wa saa moja baada ya masomo anapumzisha kichwa, asihesabiwe ana kiburi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuomba utufikishie maombi yetu kwa wahusika.

Kwanza, kila familia ipate, wiki moja kabla, karatasi inayoeleza mgeni wake hali chakula gani, kipi kinamdhuru na anatumia dawa gani, pamoja na namba ya simu inayopokelewa usiku.

Pili, posho ya chakula itangulie mgeni. Ikichelewa, mama anakopa dukani, na deni likizidi, samaki ndiye wa kwanza kupunguzwa.

Tatu, na hili ndilo tunalolitilia mkazo zaidi, mafunzo ya wenyeji wapewe wapishi wenyewe. Barua za mwaliko huandikwa kwa baba mwenye nyumba. Baba anahudhuria, anasikiliza, anarudi na nusu ya maneno. Anayechemsha maji na kufunika wali hakuwepo. Tunaomba siku moja tu, asubuhi, baada ya watoto kwenda skuli, na mafunzo yafanyike jikoni kwa mmoja wetu, sufuria ikiwa motoni.

Tunaomba kuwasilisha.