Risala kwa Mgeni wa Heshima: Kuusoma Ukame kwa Setilaiti

Mgeni wetu wa heshima, walimu, wazazi na wanachama wenzetu,

Karibuni Kasarani. Kabla hatujakuonyesha ramani zetu, tunaomba tukueleze zinavyotengenezwa na zinapokosea.

Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi miali ya infraredi iliyo jirani nao, isiyoonekana kwa macho. Toa kipimo cha mwekundu kwenye cha infraredi, gawanya kwa jumla ya vyote viwili, nawe umepata NDVI, yaani kipimo cha ukijani wa mimea. Namba hiyo pekee haitoshi, maana 0.30 ya Marsabit iliyo kavu si 0.30 ya Kitale yenye mvua nyingi. Hulinganishwa na historia ya mahali palepale, wakati uleule wa mwaka. Tuseme leo ni 0.30, na katika kumbukumbu zote kiwango cha chini kabisa ni 0.25 na cha juu 0.65. Toa 0.25 kwenye 0.30, gawanya kwa 0.40, zidisha kwa 100: jibu ni 12.5. Mamlaka ya kitaifa ya kudhibiti ukame, NDMA, huchukua wastani wa jibu hilo kwa miezi mitatu: kati ya 10 na 20 ni ukame mkali, na chini ya 10 ni ukame uliopindukia.

Mgeni wetu, kijani si chakula. Mti wa mathenge wa Baringo na Garissa hubaki kijani mifugo ikifa, kwa kuwa mizizi yake hufuata maji ya chini sana, na setilaiti haiulizi ni mmea gani. Tena pikseli moja, yaani kitone kimoja cha picha, ya MODIS, kifaa kilicho kwenye setilaiti za NASA, ina upana wa mita 250, yaani zaidi ya ekari 15. Shamba la ekari moja kule Mwingi humezwa na kichaka kilicholizunguka. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 husoma kwa mita 10, na ekari hiyohiyo hupata pikseli 40 hivi. Lakini mawingu ya Aprili huziba picha, na asiyeondoa hata kivuli cha wingu atakiita ukame.

Kosa linaloumiza zaidi ni la mahindi. Mvua ikikatika yanapotoa mbelewele na nywele, chavua hukosa kushika. Majani bado ni mabichi, NDVI iko juu, ramani inatulia, na ukimenya gunzi unakuta punje chache zilizotawanyika. Kwa hiyo tunaweka kando ya NDVI data ya mvua ya CHIRPS, inayokadiriwa kwa setilaiti na vituo vya mvua na iliyoanzia 1981, na kuhesabu mvua ya kila siku kumi tangu mbegu iingie udongoni. Hesabu hiyo haiwezekani bila tarehe ya kupanda, na tarehe hiyo haionekani vizuri kutoka angani. Katika Ukambani, ambako vuli ndiyo hutegemewa zaidi, kukosea kwa wiki mbili huhamisha kiangazi kutoka kwenye maua hadi kabla ya maua, na makadirio yote ya mavuno huharibika.

Kwa unyenyekevu tunaomba utusaidie kwa haya. Maafisa wa kilimo wa wadi waandike tarehe za kupanda na magunia yaliyovunwa kwa ekari, na daftari hizo zifunguliwe kwa wachambuzi. Shule za Kitui na Makueni zipewe vipimamvua, visomwe kila siku saa tatu asubuhi, hata siku ambayo haikunyesha; sifuri isiyoandikwa haitofautiani na siku iliyosahaulika.

Tunaomba kuwasilisha.