Niachie pafu: barua kwa vijana wa kijiwe cha Barabara ya 12

Wajukuu zangu wa bodaboda, Ngamiani, Tanga,

Shikamoo zenu nazipokea kila asubuhi nikipita kwenda sokoni, na marahaba yangu haijapungua hata siku moja. Lakini kuna neno nimelimeza tangu Jumanne. Naliandika, maana nikilisema pale pale mtaniitikia "ndiyo Babu", abiria akitokea yamekwisha.

Jumanne nilimwona yule mtoto anayewaoshea pikipiki. Mmoja wenu alimpa hela, akakimbia dukani, akarudi na sigara moja mkononi. Kiberiti hakuna. Akaenda kuiwashia kwenye makaa ya muuza mishkaki, akaivuta mara mbili isizimike njiani, akakohoa mpaka machozi. Mkacheka. "Huyu kashakuwa mwanamume!"

Mimi sikucheka, kwani nilianza hivyo hivyo. Mwaka 1966, nikiwa na miaka 13, mjomba alikuwa akinituma jikoni nimuwashie sigara yake. Hakuna aliyenishawishi nivute. Nilikuwa nahofia tu moto usife kati ya jiko na baraza, nikapigwa kelele. Hatua kama kumi na tano hizo, zikanila miaka 38.

Kijiweni mnasema "niachie pafu", yaani niachie nami nivute kidogo sigara yako. Neno lenyewe linawasema: Mungu katupa mapafu mawili, nanyi mnagawana kama karanga. Na hapo ndipo penye ugomvi wangu nanyi. Simwoni kijana hata mmoja pale aliyeanza kwa kununua pakiti. Wote mlianza na pafu la mwenzenu, la bure, la urafiki. Kisha ikawa sigara moja ya dukani, halafu tatu, halafu tano. Tano kwa siku ni 1,825 kwa mwaka, yaani pakiti 91 za sigara ishirini ishirini. Pigeni wenyewe kwa bei ya duka lenu, mlinganishe na hesabu ya bosi inayowatoa jasho kila jioni.

Mtaniambia, Babu, sigara inatuliza mawazo. Najua. Nikotini hufika kichwani kwa sekunde chache tu, ndiyo maana mnaona raha ya papo kwa papo. Lakini baada ya saa mbili hivi nusu yake imeshatoka mwilini, na arosto inaanza kubisha hodi: hasira, mikono haitulii, abiria akiuliza bei unamjibu kwa ukali. Unawasha nyingine, unatulia. Sasa imekutuliza nini hapo, zaidi ya arosto iliyoileta yenyewe? Mimi nilichukua zaidi ya miaka thelathini kuuona mchezo huo.

Shisha nayo, kwa wale wa wikiendi, ni tumbaku ile ile. Maji hupoza moshi, sumu hayaitoi.

Niliacha mwaka 2004, mara ya tatu kujaribu. Mbili za mwanzo niliangushwa na kahawa. Kweli kabisa! Nilikaa siku nne bila kuvuta, nikaenda barazani, kikombe kikafika mkononi, na mkono wa pili ukaanza wenyewe kutafuta sigara. Mwenzangu akanihurumia, akaniachia pafu. Usiku huo nikamaliza pakiti. Mara ya tatu nikaihama baraza mwezi mzima, watu wakadhani nimenuna. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote. Baada ya wiki tatu au nne arosto inapoteza nguvu. Na hamu yenyewe ikikushika haidumu sana, ni dakika chache. Mimi nilikuwa nakunywa maji taratibu, natafuna karafuu, natembea mpaka kona na kurudi. Nikirudi imeshaondoka. Ikija tena, natembea tena. Nilichakaza kandambili.

Nyinyi mna bahati ambayo mimi sikuwa nayo. Kule Uingereza madaktari wavutaji na wasiovuta walifuatiliwa tangu mwaka 1951 kwa miaka hamsini. Waliovuta mpaka mwisho walipoteza kama miaka kumi ya maisha. Walioacha wakiwa na miaka 30 waliiokoa karibu yote. Wengi wenu hamjafika hata 25.

Kwa hiyo sitaki kuwaomba muache wote kesho, maana mtaniitikia tu. Naomba mawili. Mtoto asitumwe sigara tena. Sheria yetu ya mwaka 2003 hairuhusu auziwe aliye chini ya miaka 18, na mwenye duka analijua hilo kama mimi. La pili, yule mwenzenu aliyetangaza wiki iliyopita kwamba anaacha, mkamwita mlokole: akisema niachie pafu, mnyimeni. Atawatukana. Vumilieni, huyo si yeye anayetukana. Mpeni abiria wa mbali, aende Pongwe na kurudi. Na akianguka msimcheke, mimi nilianguka mara mbili.

Ijumaa baada ya Alasiri nitakuja kukaa nanyi. Nitaleta karanga na maji baridi. Kahawa nitaiacha nyumbani, mpaka mwenzenu amalize mwezi.

Babu yenu wa karafuu