Usiishie kwenye kurudisha tafsiri kwa Kiingereza

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu. Umekabidhiwa dodoso la CaSUN, la mahitaji ya watu waliotibiwa saratani, ulilete kwa Kiswahili. Mpango wako ni kutafsiri, kumpa mtu mwingine arudishe kwa Kiingereza, na yakilingana na asili umemaliza. Nakusihi, usiishie hapo.

Kiingereza husema mtu "yuko chini" kikimaanisha ana huzuni. Ukiandika "kujisikia chini", anayerudisha ataitambua papo hapo na kukupa maneno yaleyale ya asili. Karatasi zitafanana kabisa, na mgonjwa atabaki anajiuliza chini ya nini. Tafsiri ya neno kwa neno hufaulu mtihani huu kuliko tafsiri nzuri.

Katika utaratibu wa kutafsiri madodoso ya afya ulioandikwa na mtafiti Beaton na wenzake mwaka 2000, kurudisha ni hatua ya tatu tu. Kwanza, watafsiri wawili ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya kwanza, kila mmoja peke yake. Mmoja ajue dodoso linapima nini. Mwingine asijue wala asiwe mtu wa afya. Huyo ndiye atakayeandika kama watu wanavyosema. Kisha unganisha matoleo, ukiandika kila mvutano ulivyoamuliwa. Kisha warudishaji wawili warudishe kwa Kiingereza bila kuiona asili. Halafu kamati ya wataalamu ipitie yote, na mwisho jaribio kwa watu 30 hadi 40.

Kwenye jaribio hilo ndipo pa kutumia muda. Usiulize "umeelewa?", maana wengi watasema ndiyo kwa heshima. Mwombe aliseme swali kwa maneno yake, kisha umwulize alikuwa akifikiria nini alipochagua jibu. Hapo utagundua kwamba "manusura", tafsiri ya "survivor" wa Kiingereza, kwa wengine ni mtu aliyetoka kwenye ajali, na anayeendelea na dawa hajioni humo. "Mtu aliyepata saratani" ni refu, lakini halimwachi mtu nje.

Gumu kuliko yote ni neno "hitaji". CaSUN inatenganisha asiye na hitaji, ambaye hitaji lake limetimizwa, na ambaye halijatimizwa, kwa uzito wa aina tatu. Masikioni mwa anayesomewa, mawili ya kwanza ni kitu kimoja: sidai kitu. Kumbe la pili linasema kuna huduma inayomfaa, na ikiondolewa ataumia. Anayesomewa aulizwe kwa ngazi: ulihitaji msaada katika hili? Uliupata? Kama haukutosha, unauhitaji kiasi gani? Waombe wenye dodoso ruhusa kwanza, kwa sababu hayo ni mabadiliko ya namna ya kuuliza.

Maswali ya tendo la ndoa yataachwa wazi. Usiyafute ukidhani hayawahusu. Mara nyingi kinachomzuia mtu ni kumjibu mhoji wa jinsia nyingine au wa umri wa mwanawe. Anayeweza kusoma mpe ukurasa huo ajaze mwenyewe na kuufunga kwenye bahasha. Asiyeweza, mtafutie mhoji anayelingana naye.

Takwimu zije baadaye. Kwa vipengele 35 vya mahitaji, ukihesabu watu 5 hadi 10 kwa kila kipengele, unahitaji 175 hadi 350. Alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi majibu ya maswali yanavyokwenda pamoja, ya 0.70 na zaidi inakubalika, ila haitakuambia kama swali limeeleweka: watu wakilikosea wote kwa namna moja, alfa inaweza kuwa juu vilevile.

Nitumie matoleo mawili ya kwanza kabla hujayaunganisha. Nataka kuona yalipopishana.