Chuma Chako Kilipimwa Kwenye Nyuzi Ngapi?

Mteja akituletea kipande cha bamba ili tukipime kwa kukigonga kikiwa kwenye baridi kali, mara nyingi huja na cheti cha kiwandani. Anatuonyesha nguvu ya kuvutwa, anatuonyesha kemikali, kisha anauliza: "Si kinatosha hiki?" Kwa kupaua godauni, kinatosha. Kwa tangi la nitrojeni kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi -196 za Selsiasi, hakitoshi hata kidogo. Nguvu iliyoandikwa pale ilipimwa kwenye joto la chumba.

Linalowachanganya wengi ni kwamba chuma kikipoa hakilegei. Nguvu yake huongezeka. Kinachopotea ni uwezo wa kunyumbulika. Chuma cha kawaida kikiwa na joto, atomi zake hupishana bila shida, hivyo ufa mdogo ukianza, ncha yake hupanuka, inabutuka, na safari ya ufa inaishia hapo. Baridi ikizidi, atomi hukataa kupishana. Ncha ya ufa inabaki kali na kukimbia bamba zima kabla chuma hakijapinda. Fundi hapati onyo lolote. Stenlesi za 304L na 316L, alumini na shaba zina mpangilio mwingine wa atomi, nazo huendelea kunyumbulika hata ndani ya nitrojeni. Ndiyo maana mitungi mingi ya kubebea mbegu za uhimilishaji wa ng'ombe, ambayo wafugaji wa Arusha wanaifahamu kupitia kituo cha taifa cha Usa River, ni ya alumini.

Gharama ya kupuuza jambo hili inajulikana. Tarehe 20 Oktoba 1944, huko Cleveland, Marekani, tangi la gesi asilia iliyosindikwa kuwa kimiminika lilipasuka. Gesi ilimwagika mitaani, ikaingia kwenye mifereji ya maji machafu, ikawaka. Watu wapatao 130 walikufa. Chuma cha tangi lile kilikuwa na nikeli ya asilimia 3.5, kiasi kisichotosha kwa baridi ya karibu nyuzi -160. Matangi makubwa ya kazi hiyo leo hujengwa kwa chuma chenye nikeli ya asilimia 9. Kwa hiyo mafundi wetu wanaoutazama mradi wa kusindika gesi asilia wa Lindi wakitarajia kazi, wajue mapema kwamba swali la kwanza watakaloulizwa litahusu kipimo cha kugonga chuma kikiwa kwenye baridi.

Kabla hujatulipa chochote, soma herufi za mwisho kwenye jina la bamba lako. S275JR maana yake chuma kiligongwa kwenye nyuzi 20 za joto na kikameza nishati ya angalau jouli 27 kabla ya kuvunjika. J0 ni nyuzi sifuri. J2 ni nyuzi -20. Basi, hapo ndipo ahadi ya kiwanda inapokoma. Nalo bamba la A36, ambalo limejaa madukani, kwa kawaida halipigwi kipimo hicho kabisa, isipokuwa mnunuzi aombe.

Kipimo chenyewe huitwa Charpy, kwa jina la Mfaransa Georges Charpy. Tunakata kipande cha milimita 10 kwa 10, urefu milimita 55, na katikati tunachonga mkato wa V wenye kina cha milimita 2. Mkato huo ndio roho ya kazi: kitako chake kina mviringo wa robo milimita, na kifaa cha kuchongea kikiwa butu, majibu yote yanaharibika. Tunachonga vipande vitatu, kwa sababu kimoja kinaweza kukudanganya. Tunavizamisha kwenye nitrojeni pamoja na koleo la kuvishikia, maana koleo lenye joto hupasha kipande mahali tusipotaka. Ule mchemko ukitulia tunasubiri dakika kadhaa zaidi ili baridi ifike hadi kiini. Kisha ni mbio. Kutoka kwenye nitrojeni hadi nyundo inapogonga, hazitakiwi kuzidi sekunde 5. Zikizidi, kipande hicho tunakitupa.

Nyundo hubembea kutoka juu, huvunja kipande, kisha hupanda upande wa pili. Ikipanda karibu na ilikotoka, chuma hakikuizuia. Bamba la kawaida ambalo kwenye joto la Dar es Salaam lingemeza zaidi ya jouli 100 huweza kumeza jouli chache tu kwenye nyuzi -196. Stenlesi nzuri mara nyingine haikatiki vipande viwili. Inapinda na kubaki imeshikana. Tunapenda mteja awepo siku hiyo, kwa sababu uso wa mvunjiko humwelewesha haraka kuliko ripoti. Ukiwa wa kijivu na nyuzinyuzi, chuma kilipambana. Ukimetameta kama sukari guru iliyovunjwa, hakikupambana.

Sasa, sentensi tunayoisikia sana ni hii: "Hii ni stenlesi, haina neno." Bamba, sawa. Mshono wa weldi ni habari nyingine. Weldi ya stenlesi huwa na feraiti kidogo, yaani sehemu ambazo atomi zimejipanga kama za chuma cha kawaida, inayosaidia isipasuke inapopoa baada ya kuchomelewa, lakini feraiti ikizidi, mshono huvunjika kirahisi kwenye baridi kali. Elektrodi isiyo sahihi inatosha kuharibu tangi la bamba bora. Kwa hiyo tukiletewa bamba peke yake tunauliza sampuli ya weldi iko wapi, iliyochomelewa na fundi yuleyule, kwa elektrodi zilezile. Mkato wa V tunauweka katikati ya mshono, na seti nyingine pembeni yake, pale chuma kilipounguzwa na moto.

Wenye matangi ya gesi ya kupikia, msidhani hayawahusu. Tangi likipoteza shinikizo ghafla, gesi iliyomo huchemka na kujipoza yenyewe. Propani safi, mojawapo ya gesi za kupikia, hushuka hadi nyuzi -42. Likiota barafu, usilijaze shinikizo upya hadi chuma kirudi kwenye joto lake.

Charpy ina mipaka yake. Inalinganisha vyuma na kukataa vibovu, lakini haimwambii mhandisi ufa wa urefu gani unaweza kuvumiliwa kwenye tangi fulani. Hapo unahitajika mtihani wa kuvuta polepole kipande chenye ufa halisi uliooteshwa kwa kukichosha, yaani kukikaza na kukilegeza mara nyingi. Huo hatuufanyi, tunachonga sampuli na kuzituma kwenye maabara yenye mashine hizo.

Ukija, leta bamba la kutosha vipande vitatu kwa kila eneo, na uweke alama ya mwelekeo bamba lilivyopitishwa kwenye roli za kiwanda, kwani majibu hutofautiana. Bamba jembamba kuliko milimita 10 pia linapimika kwa vipande vyembamba zaidi. Tuambie pia joto la chini kabisa ambalo chombo chako kitafikia, ukihesabu na siku ya hitilafu.